Madam na Nafasi Iliyoachwa Wazi

Madam hakuwahi kulitamka jina la mwanae. Nimemjua tangu nikiwa mwanafunzi wa sekondari ninayehangaikia mtihani wa kuingia chuo cha nje, mpaka leo nikiwa mtu mzima mwenye duka la dawa hapa Bulyaga, na katika miaka yote hiyo sijalisikia jina hilo likimtoka hata kwa kuteleza. Alimwita kijana wetu. Kwenye simu alimwita wewe. Akiwa amekasirika alimwita mtu huyo. Jina lenyewe lilikuwa Gwakisa, na mimi naliandika bila shida yoyote kwa sababu sikuolewa katika ukoo ule.

Kwetu Rungwe, mwanamke akishaolewa, baba mkwe wake ni mtu wa kumkwepa. Hamtazami usoni, hali chakula mbele yake, hapishani naye njiani, na jina lake halitaji. Wazee wanaiita mila hii kutila. Siku hizi wengi wameacha. Nina rafiki anayekula meza moja na baba mkwe wake na kubishana naye juu ya mpira mpaka ugali unapoa. Madam hakuacha. Na mtoto wa kiume kwetu hupewa jina la babu yake mzaa baba. Madam alizaa mtoto mmoja tu maishani, akamnyonyesha, akambeba mgongoni, na siku ya ubatizo mchungaji alipouliza jina la mtoto ilibidi wifi yake ajibu.

Nayaandika haya kwa sababu mjini kuna maneno. Gwakisa alifia ugenini, akazikwa hukohuko, na watu wanasema mama yake hakumlilia. Nilikuwepo msibani na ni kweli hakulia. Ila waliosema hivyo hawakuwahi kukaa kwenye mabenchi ya sebule yake siku ya Jumamosi, na mimi nilikaa.

Alikuwa mwalimu wa Kiingereza sekondari, akastaafu, akachoka kukaa. Watu wengine wakistaafu hufuga kuku. Yeye aliomba mabenchi mawili mabovu kanisani, akayagongea misumari, akaegemeza ubao kwenye kabati la vyombo, na kutangaza kwamba atafundisha vijana wanaotaka kufanya mtihani wa vyuo vya nje. Hesabu hakuzigusa. Alifundisha sehemu moja tu ya mtihani ule, sehemu ya maneno, ile ambayo unapewa sentensi yenye nafasi iliyoachwa wazi na majibu manne chini yake, nawe unachagua neno linalokaa pale. Sentensi zilikuwa za Kiingereza, lakini mimi nazikumbuka kwa Kiswahili, sijui kwa nini, na hapa nitaziandika ninavyozikumbuka.

Kamusi alizipiga marufuku. Ukiingia na kamusi aliichukua mlangoni na kuiweka juu ya kabati karibu na birika, ukaipata wakati wa kutoka. Ya kwake, nene kuliko zote, ilizuia dirisha lisijifunge kwa upepo, na mvua ilikuwa imeshaivimbisha.

"Neno usiliulize lenyewe," alisema. "Litakudanganya. Waulize majirani zake."

Basi kila tulipokwama swali lake lilikuwa hilo moja: majirani wanasemaje? Na amri yake ilikuwa moja pia: soma mpaka mwisho. Alituambia kuwa mwanafunzi wa Tukuyu ana haraka ya kujibu kwa sababu amezoea kuwahi gari la Mbeya, anaona maneno mawili ya kwanza anarukia. Tulicheka mara ya kwanza. Baadaye tulilisikia kila wiki na hatukucheka tena.

Siku moja aliandika ubaoni sentensi kuhusu mama mchuma chai. Mama huyo alichuma tangu alfajiri katika baridi, na vidole vyake vilikuwa vimeingiwa na nafasi iliyo wazi, hata alipofika nyumbani akashika kaa la moto asijue.

"Baridi," nilisema. Nilikuwa wa kwanza kujibu na nilijiona hodari.

"Soma mpaka mwisho."

"Baridi, Madam."

"Mwenye baridi akishika kaa hupiga yowe. Huyu alishika asijue. Majirani wanasemaje?"

Zuhura, aliyekaa ubavuni kwangu, akasema ganzi. Madam akasema, "Sawa. Lingine." Hiyo ndiyo sifa kubwa aliyowahi kumpa mtu. Hakusema vizuri, hakusema hongera, wala hakutabasamu. Sawa, lingine, na chaki inarudi ubaoni.

Nilimchukia kidogo wakati ule, nisidanganye. Alivaa sweta la kijani lililotoboka viwiko mwaka mzima, na miwani aliining'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu. Kahawa alikunywa yeye, sisi hatukupewa. Chai hakuionja kabisa, katika wilaya ambayo ukitupa jiwe linaangukia shamba la chai. Alikuwa mbishi. Aligombana na wazee wa kanisa kwa sababu walitaka mabenchi yao yarudi, akawaambia waje wayachukue Jumamosi asubuhi wakati vijana wao wenyewe wameyakalia. Hawakuja. Mambo ya uchawi na kuagua hakuyataka kuyasikia, na mtu akimweleza habari za jirani aliyelogwa aliuliza kama amepimwa malaria. Mtu wa namna hiyo ungetegemea mila za kutila aziache mapema kuliko wote.

Lakini nilimwona kwa macho yangu. Tulikuwa tunakwenda Matwebe, kwenye ukoo wa marehemu mume wake, mimi nikiwa nimembebea kikapu na yeye akinifanyisha mazoezi njiani, kwa maana hakujua kutembea kimya. Nilikuwa katikati ya kujibu nikasikia kikohozi mbele, nyuma ya kona. Kilikuwa kikohozi cha makusudi, kirefu, cha mtu anayepiga hodi. Nilipogeuka Madam hakuwepo. Alikuwa amesharuka mtaro, na mkoba wake na sweta lake, yuko katikati ya migomba amejifunika kanga usoni na kuipa barabara mgongo. Mwalimu mstaafu mzima.

Mzee akatokea kwenye kona, mrefu, koti limemning'inia, ametazama upande mwingine wa barabara. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia, akauliza habari za nyumbani na za mvua, kisha akasema kwa sauti ya kusikika mpaka migombani, "Ukimwona mwalimu, mwambie ndizi zimekomaa, atume mtu. Na yule mjukuu wangu asome. Umwambie."

"Nitamwambia, mzee."

"Ndaga fijo," akasema, yaani ahsante sana, akaenda zake bila kugeuza shingo.

Madam alipanda mtaro, akapangusa sketi. Nilijua amesikia kila neno, na yeye alijua kuwa najua, lakini alisimama mbele yangu akisubiri, nami ikabidi nimpe ujumbe wote tangu mwanzo. Akatikisa kichwa kama mtu anayepokea habari mpya. Halafu akasema, "Tuliishia wapi?" na tukaendelea na neno lile.

Waliishi hivyo miaka mingi, yeye na mzee yule. Hawakuwahi kutazamana, na sidhani kama niliwahi kuona mtu mwingine anayemjali Madam namna ile. Mikungu ya ndizi ilikutwa mlangoni asubuhi, na kabla yake kilisikika kikohozi. Mzee alipofariki, Madam alikaa nyuma ya nyumba na wakwe wengine mpaka mazishi yakaisha. Zuhura, ambaye ni Mwislamu wa hapa mjini na mambo yetu ya kutila anayaona kama sinema, alimuuliza Jumamosi iliyofuata, "Sasa Madam, si ameshafariki? Unaweza kumwita kijana wako jina lake. Nani atakusikia?"

"Mimi nitasikia," Madam alisema. "Lingine."

Ilinichukua muda kujua kwamba mbinu yake ya kufundisha na kutila ni kitu kimoja. Alitueleza mwenyewe siku ya mvua. Mvua ya Tukuyu ikikamata bati, darasa linakufa. Huwezi kumsikia aliye jirani yako. Siku za namna hiyo aliandika tu sentensi ubaoni, akanyoosha kidole, na sisi tukajibu kwa kuandika kwenye viganja vya mikono na kumwonyesha, kwa sababu karatasi alisema tunazimaliza. Siku hiyo mvua ilipungua ghafla, akakaa kwenye kigoda, na bila mtu kumuuliza akaanza kuhadithia jinsi alivyoolewa.

"Nilikwenda Matwebe na cheti cha ualimu," alisema. "Nikijua Kiingereza, Kiswahili, na Kinyakyusa cha nyumbani. Nikafika jikoni kwa mama mkwe nikakuta sielewi kitu. Jina la baba mkwe halitajwi, na neno lolote linalofanana nalo halitajwi. Na mama mkwe naye alikuwa na mkwe wake, na maneno yake ya kuogopa. Vitu vingi vya nyumba ile vilikuwa na majina mengine. Ananiambia, mwanangu niletee kadha. Kadha ni nini? Silijui. Ni Kinyakyusa na mimi ni Mnyakyusa, na silijui."

"Ukafanyaje, Madam?"

"Nikatazama. Sufuria liko motoni, maji yanachemka, mkono ameunyoosha, mwiko tayari anao. Nikampa unga. Siku nyingine nilikosea nikampa chumvi. Hakunieleza hata mara moja. Alirudia sentensi ileile, polepole, na kunisubiri. Mkono umenyooka tu. Mpaka nipate."

Alituonyesha mkono ule, kiganja juu. Kisha mvua ikarudi na hatukusikia mengine.

Baada ya siku hiyo nilianza kumtazama kanisani. Neno la huruma kwa Kinyakyusa ni ikisa, na jina Gwakisa limetoka humo, na nyimbo zetu za kanisani zimejaa huruma kuliko pumzi. Madam alikuwa kwenye kwaya, sauti ya pili. Kila neno lile lilipofika, mdomo wake ulifumba. Wimbo ukapita juu yake, kisha akafungua na kuendelea na wenzake. Mwalimu wa kwaya alishazoea. Nilikaa nyuma yake kwa upande, nilipouona mdomo wake, nikisubiri asahau, lakini hakusahau.

Kuna jambo moja sikuliona mimi, alinihadithia Mama Zuhura. Mama Zuhura anauza vitenge sokoni, na sauti yake inajulikana mpaka stendi. Anasema Gwakisa alipokuwa mdogo, ndiyo kwanza ameanza kukimbia, alimponyoka mama yake siku ya soko.

"Wallahi mwanangu, nilimwona Madam anakuja mbio, kanga inaburuzika, anaita, kijana wetu! Kijana wetu! Basi vijana wote wa soko wanageuka. Wabeba mizigo wanamuuliza, mama, unaniita mimi? Yeye anawapita. Kijana wetu! Nikamwuliza, mtoto amevaa nini? Hanijibu. Anaitwa nani? Ananitazama tu. Macho yamemtoka namna hii. Ananitazama, mdomo wazi, jina haliji. Ndipo nikakumbuka mambo yenu, na jina nililowahi kulisikia kwa wifi yake. Mimi si mkwe wa mtu Matwebe. Nikapanda juu ya meza yangu nikapiga kelele, Gwakisaaa! Gwakisa we! Akatoka chini ya meza ya muuza dagaa, anatafuna muwa."

"Madam alisema nini?"

"Alisema ahsante. Kisha akamchapa."

Gwakisa ndiye aliyekuwa mwanafunzi wake wa kwanza wa mtihani ule, kabla ya mabenchi, kabla yetu. Alifaulu, akapata chuo, akaondoka. Darasa la Jumamosi lilianza mwezi ule ule alioondoka, na mimi sikuwahi kuunganisha mambo haya mawili mpaka nilipokuwa mtu mzima. Kijana huyo nilimwona mara chache tu, alipokuja likizo, mtu mpole, mrefu kama babu yake, aliyekuwa amepanda mparachichi mbele ya nyumba utotoni na kuumwagilia maji hata siku za mvua. Mama yake alimsema sana kwa hilo. Baadaye akapata kazi kulekule huku akisomea shahada nyingine, na likizo zikaisha. Alipiga simu Jumapili, baada ya ibada. Kama ungewakuta wakiongea, ungesikia upande mmoja tu, na upande huo ulikuwa maswali. Umekula? Baridi imepungua? Unasema umechoka, umechoka na nini?

Mimi sikufaulu. Maneno niliyapata vizuri, hesabu zikaniangusha. Nilikwenda kumwambia Madam nikijua atasema kitu kikali, nami nilitaka akiseme ili nipate pa kulilia. Alikuwa anakunywa kahawa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kuna vyuo Mbeya," akanipa parachichi mbili za mti wa Gwakisa nipelekee nyumbani. Nikasomea dawa Mbeya, nikarudi, nikafungua duka. Zuhura ndiye aliyeondoka, yuko mbali sana sasa, na kila akinipigia simu huuliza kwanza habari za Madam kabla ya habari zangu.

Habari ya kifo ilikuja siku ya Jumamosi, darasa likiendelea. Waliokuwepo ni wanafunzi wapya, na walinihadithia dukani kila mmoja kwa namna yake, lakini katika hili walikubaliana wote. Simu iliita, Madam akaenda nayo jikoni. Aliyepiga alikuwa mwenzake Gwakisa aliyekaa naye nyumba moja. Walimsikia Madam akisema ndiyo, ndiyo, nimekuelewa, ahsante mwanangu. Akarudi, akashika chaki, akasema, "Lingine." Wakamaliza maswali yaliyobaki. Wakaondoka bila kujua kitu, na jioni wakasikia kwa majirani kwamba kwake kuna kilio, wifi yake akiwa amefika kutoka Matwebe.

Nilipopata habari nilikuwa napanga dawa kwenye rafu. Niliendelea kupanga. Nilisubiri nione nitahisi nini, sikuhisi kitu, nikafunga duka nikaenda.

Msiba usio na jeneza ni kitu kigumu kukaa nacho. Turubai lilifungwa, wanaume wakakaa nje kwenye mabenchi, na miongoni mwayo yalikuwamo yale mawili ya darasa. Ndizi zilipikwa, watu wakala. Ndani, juu ya meza ndogo, waliweka picha ya Gwakisa akiwa amevaa koti zito la huko, na ubao bado uliegemea kabati, umepinduliwa nyuma mbele. Madam alikaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, sweta lake la kijani, kitenge kiunoni.

Kwetu mwanamke akija msibani analia tangu barabarani, anamwita marehemu jina lake. Basi wakawa wanaingia kundi kwa kundi. Gwakisa we! Gwakisa, umetuachia nani! Kila jina lilipopigwa watu walimtazama mama, maana hapo ndipo mama hupokea kilio na wenzake wakamfuata. Yeye alikuwa akiitazama picha. Mdomo ulifunguka, ukafumba. Nilikuwa nyuma yake kwa upande, kama ninavyokaa kanisani.

Wifi yake akainama. "Mama, lia. Mlilie mwanao. Watu wanakutazama."

"Nitamwitaje?" Madam aliuliza.

Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaka kujua kweli. Wifi yake alidhani huzuni imemvuruga akili, akampa maji. Kundi jingine likaingia kwa kilio. Gwakisa we! Mimi niliyekuwa nyuma yake, mwanafunzi wake wa miaka mingi, nilisogea kuwapisha waliokuwa wakiingia. Wazo la kumjibu halikunijia. Siku ya tatu matanga yakaondolewa, turubai likafunguliwa, na maneno yakaanza sokoni kwamba yule mama ana moyo wa jiwe, amesoma sana, hata mwanae hakumlilia.

Darasa lilifungwa. Kwaya aliacha. Dawa zake za presha alikuwa akizichukua dukani kwangu, akazichukua mwezi ule, na mwezi uliofuata, na ule mwingine hakuja. Nikaziweka kwenye mfuko, nikapanda kwenda kwake mchana mmoja, mvua imetoka kukatika na migomba bado inadondosha maji.

"Shikamoo Madam."

"Marahaba. Keti."

Alikuwa mkekani anamenya maharage mabichi, sinia liko mapajani. Nilimpa dawa, akaziweka kwenye dirisha, juu ya kamusi ile iliyovimba. Nikamweleza azinywe na asikatishe. Akasema sawa. Nikachukua maharage kiasi nikaanza kumenya nami. Sikujisikia vibaya wala vizuri. Nilikuwa nimekaa tu.

Kisha alivaa miwani. Sijui kwa nini alihitaji miwani kwa kumenya maharage.

"Siku ya soko," alisema, "mama mmoja alipotewa na mtoto. Alimtafuta kila meza. Mwenzake akapanda juu ya meza yake akamwita mtoto huyo kwa sauti, akatoka chini ya meza ya dagaa. Mtoto huyo aliitwa..."

Nilidhani amesahau alichotaka kusema. Nikainua macho na kukuta ananitazama juu ya miwani, na mkono wake ameunyoosha kidogo, kiganja juu, na maganda ya maharage yako humo.

"Majirani wanasemaje?" akauliza.

Ndipo nikaelewa.

"Gwakisa," nilisema.

"Sawa. Lingine." Akachukua ganda jingine. "Mti ule pale nje wa parachichi. Aliyeupanda, akaumwagilia hata siku za mvua, mama yake akamwita mjinga, ni..."

"Gwakisa."

"Sawa. Lingine. Siku ya kuondoka alivaa viatu vya baba yake, vinambana, akakataa kusema. Mama yake aliviona stendi Mbeya, basi limeshawashwa. Aliyebanwa na viatu ni..."

"Gwakisa."

"Sawa."

Tuliendelea hivyo. Mengine sikuyajua, ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyasikia: kwamba aliogopa bata, kwamba alisomea chini ya meza, kwamba aliwahi kumfuata babu yake Matwebe nyuma nyuma akikohoa kama yeye. Sauti ya Madam ilikuwa ya darasani, kavu, kila neno mahali pake. Alifika mwisho wa sentensi akaacha nafasi, nami nikaijaza, akasema sawa. Maharage yaliisha kumenywa na hakuna aliyeondoa sinia.

"Lingine," alisema. "Jumapili ya mwisho alipiga simu. Alisema, mama, nimechoka, nataka kurudi nyumbani. Mama yake akamwambia, soma mpaka mwisho. Aliyeambiwa hivyo ni..."

Hapo nilichelewa. Jibu nililijua lakini lilikuwa zito kulitoa. Alinisubiri. Hakunisaidia wala hakunihimiza, mkono wake umenyooka vilevile.

"Gwakisa," nilisema.

Hakusema sawa. Alivuta kanga kutoka mabegani, akajifunika uso wote, kama siku ile migombani Matwebe, na ndani ya kanga akaanza kulia. Alilia kwa sauti kubwa, sauti ambayo sikujua kuwa anayo, mpaka milango ya jirani ikaanza kufunguliwa na watu wakatoka kusimama barazani. Mwanangu, alisema. Mwanangu we, akakwama palepale, mdomo wazi chini ya kanga.

Mimi sikulia. Nilisogea nikakaa mkekani karibu yake. Kila alipokwama nililitaja jina, naye akaendelea kulia.